Maswali ya Wasomaji: Vijumba vya Hifadhi Vilivyofungwa na Njia ya Kuzifikia Fedha za Jimbo

Katika toleo lililopita tulichapisha barua fupi ya msomaji wetu anayeishi Marekani. Alilalamika kwamba vijumba vya mbao katika hifadhi ya jimbo lake, ambavyo familia yake ilizoea kuvikodi kila kiangazi, vimefungwa kwa misimu mitatu mfululizo na hakuna anayemweleza vitafunguliwa lini. Sikutarajia kwamba barua moja ya aina hiyo ingeleta nyingine nyingi kiasi hiki. Wengi wenu mmo katika vikundi vya wananchi vinavyoliomba bunge la jimbo litenge fedha za kuvifungua, na mnakwama mahali panapofanana. Nimechagua barua saba. Majina ya waandishi, ya hifadhi na ya majimbo yao nimeyaacha kwa makusudi, kwa kuwa baadhi yenu mmewataja maofisa ambao bado mtahitaji kuketi nao meza moja.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, vijumba vya hifadhi yetu vinaonekana vizima kabisa. Mapaa yapo, milango imetiwa kufuli, hata nyasi zinakatwa. Tukiuliza tunajibiwa kwamba vimefungwa kwa sababu za usalama. Usalama upi? Je, hiki si kisingizio tu?

JIBU: Huenda ni kisingizio, lakini sikushauri uanzie hapo, kwa sababu kasoro nyingi zinazofunga kijumba hazionekani na mtu aliyesimama nje. Mfumo wa maji taka ukishindwa, kijumba chenye paa zuri hakina ruhusa ya kulaza mgeni. Nyaya za umeme zilizowekwa miongo mingi iliyopita, rangi yenye risasi iliyopakwa kabla ya kupigwa marufuku majumbani mwaka 1978, asbestosi iliyozungushiwa mabomba, au sakafu iliyooza kwa chini: kila kimoja kinatosha kumfanya mkaguzi akatae kutia saini. Wapo pia panya. Mwaka 2012 katika hifadhi ya taifa ya Yosemite, virusi vya hanta viliwapata watu 10, na 3 kati yao walifariki. Wengi wao walikuwa wamelala katika mahema yenye kuta mbili, ambamo panya walijenga viota ndani ya nyenzo ya kuzuia baridi iliyowekwa kati ya kuta hizo. Mahema 91 ya aina hiyo yalifungwa. Kwa mgeni aliyepita njiani yalionekana mazuri kuliko yale ya zamani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuomba sababu kwa maandishi, tena kwa kutumia sheria. Wengi hukimbilia sheria ya uhuru wa taarifa ya mwaka 1966, wakasahau kwamba hiyo inazibana taasisi za serikali kuu pekee. Ofisi za jimbo zinabanwa na sheria ya jimbo lenyewe, na kila jimbo lina yake, yenye muda wake wa kujibu na ada zake za nakala. Omba nyaraka nne: ripoti ya ukaguzi iliyosababisha kufungwa, makadirio ya gharama za ukarabati kama yapo, idadi ya usiku ambao vijumba vilikodiwa katika miaka mitano ya mwisho, na mapato yaliyopatikana katika miaka hiyo. Ukijibiwa kwamba makadirio ya gharama hayajawahi kufanywa, usikate tamaa, kwa kuwa jibu hilo lenyewe lina uzito. Vijumba vilivyofungwa kwa miaka mitatu bila mtu kukadiria gharama ya kuvitengeneza ni vijumba ambavyo hakuna aliyepanga kuvifungua, na hilo mbunge wenu analielewa bila kufafanuliwa.

SWALI: Shikamoo. Kikundi chetu kilikusanya saini za kujaza madaftari matatu, tukazipeleka kwa mkurugenzi wa hifadhi na kwa mbunge wetu wa jimbo katika mwezi wa Aprili. Wote wawili walitupokea kwa heshima na wote wawili walisema hakuna fedha. Tulikosea wapi?

JIBU: Marahaba. Saini hazikuwa kosa. Kosa lilikuwa Aprili, na pengine pia namna mlivyoliweka ombi lenyewe. Nitaeleza yote mawili kwa urefu, kwa sababu barua zaidi ya nusu nilizopokea zinaanguka katika shimo hilihili.

Majimbo 46 kati ya 50 huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai. New York huanza tarehe 1 Aprili, Texas tarehe 1 Septemba, Alabama na Michigan tarehe 1 Oktoba. Mtu anayefika Aprili hujiona amewahi miezi mitatu kabla ya bajeti mpya. Ukweli ni kwamba idara ya hifadhi, katika jimbo la kawaida, huandaa maombi yake ya fedha katika kiangazi au majira ya kupukutika kwa majani ya mwaka uliotangulia. Ofisi ya bajeti ya gavana huyachambua na kuyapunguza. Gavana hupeleka mapendekezo yake bungeni mnamo Januari au Februari. Kisha kamati za bunge huyagawanya upya. Ikifika Aprili, kila dola imeshapata mwenyewe, na mbunge anayetaka kuongeza fungu lenu hana budi kulimega la mwenzake. Tena majimbo yote isipokuwa Vermont yana sharti la namna moja au nyingine la kusawazisha bajeti, kwa hiyo hawezi kusema kwa wepesi kwamba jimbo litakopa ili kulipia matumizi ya kawaida. Aliposema hakuna fedha, huenda alikuwa mkweli kwa mwezi ule.

Zingatieni pia kwamba yapo majimbo yanayopitisha bajeti ya miaka miwili kwa mkupuo, na yapo, kama Texas, ambayo bunge lake hukutana kwa kawaida katika miaka isiyogawanyika kwa mbili tu. Ukilikosa basi hilo, la pili liko mbali.

Sasa nije kwenye ombi lenyewe. Barua mliyoambatanisha inaomba “fedha za kufungua vijumba”. Katika bajeti hakuna kitu kimoja chenye jina hilo. Kuna bajeti ya maendeleo, inayolipia kazi inayofanywa mara moja, kama kubadilisha paa, kuchimba shimo jipya la maji taka au kuweka njia ya kiti cha magurudumu ambayo sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 inaitaka; na kuna bajeti ya matumizi ya kawaida, inayolipa mishahara ya msafishaji, fundi na mpokea wageni, pamoja na umeme na dawa ya wadudu, mwaka hadi mwaka. Mara nyingi mafungu haya mawili hutoka katika vyanzo tofauti na hupita katika mikono tofauti. Bajeti ya maendeleo inaweza kulipiwa kwa hati fungani, yaani mkopo ambao jimbo huuchukua kwa wawekezaji na kuulipa kwa miaka mingi. Mshahara wa msafishaji kwa kawaida hauwezi.

Wananchi hupenda kuomba la kwanza kwa kuwa lina picha: linazindua jengo na kukata utepe. Wabunge nao hulipenda kwa sababu hiyohiyo. Nimeona kijumba kilichokarabatiwa vizuri, chenye harufu ya mbao mpya, kikikaa na kufuli msimu mzima kwa kuwa hakuna nafasi ya kazi hata moja iliyoidhinishwa ya kukihudumia. Kwa maoni yangu, kikundi kinachoomba ukarabati bila kuomba wafanyakazi kinaomba kufungwa kwa mara ya pili, na bora kisubiri mwaka mmoja kikaja na maombi yote mawili pamoja.

Hesabu yake haina ugumu mkubwa. Chukulia kwa mfano tu kwamba vijumba ni 10, kila kimoja kinakodiwa usiku 150 kwa mwaka, na bei ni dola 100 kwa usiku. Mapato ni dola 150,000 kwa mwaka. Toa humo mishahara, umeme, maji, ukarabati mdogo na ada ya mfumo wa kuweka nafasi, kisha tazama kinachobaki. Kikibaki kitu, useme. Kisipobaki, useme pia, kwa sababu mtaalamu wa bajeti wa kamati atapiga hesabu hiyo usiku huohuo, na afadhali aikute kwenu. Halafu ulizeni jambo moja ambalo wengi hulisahau: mapato ya vijumba yanaingia wapi? Kuna majimbo ambayo yanarudi katika mfuko maalumu wa hifadhi, na kuna ambayo yanamezwa na mfuko mkuu wa jimbo. Katika hali ya pili hifadhi haina motisha wala uwezo wa kuvitunza vijumba hata vikijaa kila siku, na huenda ombi lenu la maana zaidi likawa kubadilisha kanuni hiyo.

Basi mkirudi, rudini Agosti. Anzieni kwa idara ya hifadhi, mkajue vijumba vyenu vimo katika orodha yake ya malimbikizo ya ukarabati, yaani kazi za ukarabati zilizoahirishwa, au havimo, na kama vimo, ni vya ngapi. Kisha nendeni kwa mbunge mkiwa na ukurasa mmoja wenye tarakimu mbili, ya mara moja na ya kila mwaka, na jina la kasma, yaani kifungu cha bajeti, mnayotaka fedha hizo ziingizwe. Bunge likishapitisha, msilale. Magavana wa majimbo 44 wana mamlaka ya kufuta fungu moja ndani ya bajeti huku wakiidhinisha yaliyobaki, na fungu dogo lisilo na mtetezi ni rahisi kufutwa kwa kalamu. Barua kwa gavana katika wiki ile ya kutia saini ina thamani kuliko madaftari yenu matatu ya Aprili.

SWALI: Tulisikia kwamba mwaka 2020 Marekani ilipitisha sheria kubwa yenye mabilioni ya dola kwa ajili ya hifadhi zilizochakaa. Kwa nini sisi hatujaona hata senti?

JIBU: Kwa sababu hifadhi yenu ni ya jimbo. Sheria unayoikusudia ni Great American Outdoors Act, iliyotiwa saini tarehe 4 Agosti 2020. Ilitenga hadi dola bilioni 1.9 kwa mwaka, kuanzia 2021 hadi 2025, kwa malimbikizo ya ukarabati katika ardhi ya serikali kuu: hifadhi za taifa, misitu ya taifa na nyinginezo za aina hiyo. Hifadhi za majimbo hazikuwamo.

Sehemu ya pili ya sheria hiyo ndiyo inayowahusu kidogo. Iliufanya mfuko wa ardhi na maji, Land and Water Conservation Fund, ambao sheria yake ni ya mwaka 1964 na ambao hulishwa na mapato ya mafuta na gesi vinavyochimbwa baharini, upate dola milioni 900 kila mwaka bila kusubiri hisani ya bunge la taifa. Sehemu ya fedha hizo hugawiwa majimbo. Hata hivyo kuna masharti: jimbo lichangie nusu ya gharama, fedha hazilipii matunzo ya kawaida, na eneo lililopokea msaada huo linatakiwa kubaki la burudani ya nje kwa umma daima, hivyo haliwezi kugeuzwa matumizi bila kibali na bila kufidiwa kwa ardhi nyingine. Sharti la mwisho linaweza kuwa ngao yenu. Hakikisheni kama hifadhi yenu iliwahi kupokea fedha za mfuko huo zamani, kwa kuwa kama ilipokea, mazungumzo ya kuuza kipande kile chenye vijumba yanakuwa magumu sana. Ila msimwambie mbunge kwamba serikali kuu italipa. Nusu ya jimbo lazima itengwe kwanza, na hapo mnarudi katika swali lililotangulia.

SWALI: Katika chama chetu tumegawanyika. Kundi moja linasema tuchukue vijumba tuviendeshe wenyewe au tumtafute mwekezaji binafsi, kwani jimbo limeshindwa. Kundi jingine linasema tukifanya hivyo jimbo litanawa mikono moja kwa moja. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kundi la pili lina haki ya kuogopa, na la kwanza lina haki ya kuchoka. California ilipitia jambo hili mbele ya macho ya watu wote. Mwaka 2011 jimbo lilitangaza kwamba hifadhi 70 zingefungwa ifikapo Julai 2012, ili kupunguza bajeti kwa dola milioni 22. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuruhusu vyama visivyo vya faida kuendesha hifadhi kwa mkataba, na wananchi wakajitokeza: walichanga, wakaendesha harambee, vyama vikasaini mikataba. Hifadhi ya kihistoria ya Jack London ilikuwa miongoni mwa zilizookolewa kwa njia hiyo. Kisha, Julai 2012, ikagundulika kwamba idara ya hifadhi ilikuwa na takriban dola milioni 54 katika mifuko miwili ambazo haikuwa imeziripoti ipasavyo kwa ofisi ya fedha, na kati ya hizo kama milioni 20 zilikuwa katika mfuko wa hifadhi zenyewe. Mkurugenzi alijiuzulu. Mtu aliyekuwa ameuza keki kanisani ili hifadhi yake isifungwe alijisikiaje, sina haja ya kueleza.

Funzo ninalolichukua mimi ni la mkataba na la mahesabu. Chama cha wananchi kinaweza kuendesha vijumba vizuri, pengine kuliko jimbo, lakini kabla ya kutia saini kidai mambo haya yaandikwe: kwamba paa, misingi, maji na maji taka vinabaki kuwa wajibu wa jimbo, kwamba jimbo halitapunguza bajeti ya hifadhi hiyo kwa hoja kwamba chama kinaisaidia, kwamba mapato ya vijumba yanabaki hifadhini, na kwamba idara itatoa hesabu zake kamili, pamoja na salio la kila mfuko, kila mwaka. Jimbo likikataa sharti la kwanza, ondokeni mezani. Chama cha watu wa kujitolea kinachorithi mabomba ya miaka 80 kimerithi deni.

Kuhusu mwekezaji binafsi, nina shaka zaidi, ingawa siyo shaka ya kupinga kila kitu. Mfanyabiashara anahitaji bei itakayorudisha mtaji wake, na vijumba hivi tangu mwanzo vilikusudiwa watu ambao hoteli hawaiwezi. Kama bei ya juu kabisa haimo katika mkataba, mtafunguliwa vijumba ambavyo ninyi mlioviombea hamtavimudu.

SWALI: Chama chetu kimesajiliwa kama shirika la hisani lisilolipa kodi. Mweka hazina wetu anasema tukizungumza na wabunge tutafutiwa usajili. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli kwa namna alivyolisema. Kinachokatazwa kabisa kwa mashirika ya hisani kama lenu, yale ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi ya serikali kuu, ni kumpigia kampeni mgombea au kumpinga. Kuwashawishi wabunge kuhusu sheria au bajeti kunaruhusiwa, mradi kusiwe sehemu kubwa ya kazi zenu. Kama neno “kubwa” linamnyima usingizi mweka hazina, kuna utaratibu uliowekwa mwaka 1976 wa kuchagua kipimo cha fedha badala ya neno hilo: mnajaza fomu namba 5768, na mnaruhusiwa kutumia katika ushawishi hadi asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi yenu ya hisani. Kazi ya kujitolea isiyolipiwa haihesabiwi humo. Chama kidogo hakitaufikia mpaka huo hata kikijaribu.

Anayehitaji kuwa mwangalifu ni mlinzi wa hifadhi au ofisa wake. Yeye ni mtumishi wa jimbo, na kwa kawaida haruhusiwi kwenda bungeni kuomba kinyume cha bajeti ya gavana wake. Msimsihi aseme hadharani kile alichowanong’oneza mlipokuwa mkikagua sakafu.

SWALI: Vijumba vyetu vilijengwa na vijana wa miaka ya 1930, kwa mawe na magogo. Sasa idara inasema ni nafuu kuvibomoa na kuleta vipya vya kiwandani. Tumeambiwa kwamba tukiviandikisha kama majengo ya kihistoria hawataweza kuvigusa.

JIBU: Aliyewaambia hivyo amewapa ngao ya karatasi. Rejesta ya taifa ya maeneo ya kihistoria, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1966, ni heshima na ni chombo cha kufungulia misaada, lakini haimzuii mwenye jengo kulibomoa. Inachofanya ni kuilazimisha serikali kuu kutafakari athari pale ambapo fedha zake au kibali chake kinahusika. Ulinzi zaidi, kama upo, umo katika sheria za jimbo lenu, na huko ndiko kwa kutazama. Wengine huitaja nafuu ya kodi ya asilimia 20 kwa ukarabati wa majengo ya kihistoria. Jimbo halilipi kodi ya mapato ya serikali kuu, kwa hiyo nafuu hiyo hailigusi moja kwa moja.

Hata hivyo historia ina nguvu bungeni, na ningeitumia. Civilian Conservation Corps, lile jeshi la kazi lililoanzishwa chini ya Rais Franklin Roosevelt mwaka 1933, liliajiri vijana wapatao milioni 3 hadi lilipovunjwa mwaka 1942. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na kama 25 kati ya hizo zilipelekwa kwa wazazi wake. Majimbo mengi yalipata hifadhi zao za kwanza kwa mikono hiyo. Virginia ilifungua hifadhi 6 kwa siku moja, tarehe 15 Juni 1936, na katika mojawapo, Douthat, wageni wanalala hadi leo katika vijumba vya enzi hizo. Mbunge ambaye babu yake alibeba mawe yale atasikiliza kwa sikio jingine, hivyo watafuteni wajukuu hao katika wilaya yenu.

Kisha pingeni neno “nafuu” kwa mhandisi. Ombeni tathmini ya mtu aliyezoea majengo ya magogo, kwa sababu mkadiriaji wa majengo ya kawaida akikuta magogo mawili yameoza huandika kubadilisha ukuta wote, ilhali fundi wa kazi hiyo hukata sehemu iliyooza na kuunga mbao mpya. Tofauti kati ya makadirio ya watu hawa wawili ndiyo inayoweza kuviokoa vijumba vyenu.

SWALI: Baba Mhariri, mimi ni mkazi wa kudumu, bado sijawa raia, na Kiingereza changu ni cha kubangaiza. Chama chetu kimenichagua nitoe maoni mbele ya kamati ya bajeti kwa dakika mbili, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikisafisha vijumba hivyo kabla havijafungwa. Je, ninaruhusiwa? Na niseme nini?

JIBU: Unaruhusiwa, mama. Haki ya kuiomba serikali irekebishe jambo imo katika marekebisho ya kwanza ya katiba, ya mwaka 1791, nayo inawataja watu, haiwataji raia pekee. Huwezi kupiga kura, lakini kusema katika kikao cha kusikiliza maoni unaweza. Piga simu kwa karani wa kamati mapema, uulize mambo mawili: unajiandikishaje, na kama kuna mkalimani au unaruhusiwa kuja na wako. Ukija na mkalimani, uliza pia kama dakika zako zitaongezwa.

Wenzako wamekuchagua vizuri. Kamati itasikia watu wengi wakisema hifadhi ni nzuri; itasikia wachache wanaojua ni saa ngapi zinahitajika kukisafisha kijumba kimoja kati ya mgeni anayeondoka saa tano asubuhi na anayeingia saa kumi jioni. Anza na hilo. Sema ulifanya kazi hapo miaka mingapi, mlikuwa wangapi, ni vijumba vingapi mlivihudumia kwa siku ya Ijumaa, na ni kitu gani kilianza kuharibika kwanza. Kisha taja zile tarakimu mbili za chama chenu, ya ukarabati na ya mishahara, na jina la kasma. Hapo dakika mbili zitakuwa zimekwisha, na mwenyekiti akigonga meza, nyamaza hata kama sentensi haijafika mwisho.

Usisome barua ndefu. Iandike, uichape kwa nakala zinazowatosha wajumbe wote na mbili za ziada, umkabidhi karani kabla kikao hakijaanza, ili iingie katika kumbukumbu za kamati hata usipopata nafasi ya kuitwa. Na ubaki ukumbini mpaka mwisho, maana maswali ya wajumbe mara nyingi huja baada ya wasemaji wote kumaliza, nao watamtafuta aliyevisafisha vile vijumba.